Sarafu Kumi na Mbili za Mwekezaji Oswald

Oswald Makarius hakuwahi kuiba maishani mwake, na alikuwa mwepesi wa kukuambia hivyo kabla hujamuuliza. Watu walimpa. Yeye alizungumza tu, wao wakampa, na kama baadaye walijuta, hilo lilikuwa jambo kati yao na mifuko yao. Zamani alikuwa karani wa shamba la mkonge nje ya Kilosa. Shamba lilipofungwa, wenzake walishika majembe wakaenda kulima mahindi. Yeye aliondoka na kalamu nne, mwandiko wa kuringia, na imani kwamba mtu aliyewahi kukalia kiti chenye mto hawezi tena kuinama shambani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kilichokatazwa jana kiliuzwa leo kando ya barabara, na neno tamu kuliko yote midomoni mwa watu lilikuwa "mwekezaji". Mwenye genge la nyanya alikuwa mwekezaji. Mwenye baiskeli mbili, moja ikiwa haina mnyororo, alikuwa mwekezaji. Oswald naye akajitangaza, na kwa kuwa mwekezaji asiye na koti huonekana mzururaji, akaenda sokoni Kilosa kutafuta koti.

Belo la mitumba ndiyo kwanza lilikuwa linafunguliwa, na watu wazima wenye heshima zao walikuwa wanasukumana kwa viwiko kugombea nguo zilizotupwa na watu wasiowajua. Oswald akaambulia koti la kijivu lililoshonwa kwa ajili ya mtu mwenye kitambi katika nchi yenye baridi. Alipolijaribu alihisi kitu kigumu ndani ya bitana. Akalipa bila kuomba apunguziwe, akaenda hadi nyuma ya stesheni, akaichana bitana kwa wembe.

Kikatoka kijitabu cha plastiki chenye vifuko kumi na viwili, kila kifuko na sarafu moja ya rangi ya dhahabu. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mfalme ambaye Oswald hakumtambua. Upande wa pili kulikuwa na mnyama, na kila sarafu na mnyama wake: mjusi mwenye shingo ndefu kupita mnazi, kifaru wa pembe tatu, jitu la miguu miwili lenye meno mengi na vijikono vya kuchekesha, tembo aliyefunikwa manyoya. Walikuwa dinosaria na wanyama wengine wa kale ambao walikwisha duniani zamani mno. Oswald aliiuma sarafu moja. Dhahabu ikabaki kwenye jino lake, na chini yake ikaonekana bati.

Mtu wa kawaida angecheka, akampelekea mwanawe achezee. Oswald hakucheka. Alikaa kwenye benchi la stesheni na jino lake la dhahabu, akafikiria kiwanja chake.

Maana alikuwa na kiwanja, na kiwanja hicho ndicho kitu pekee alichokipenda duniani baada ya sauti yake mwenyewe. Kilikuwa kwenye kitongoji kimoja nje kidogo ya Mikumi, ukingoni mwa barabara kuu, pale malori yaendayo Zambia yanapopumzika. Alikipata kwa kuihutubia kamati ya kitongoji kwa saa mbili bila kunywa maji. Sharti lilikuwa moja: ifikapo mwisho wa Juni pawe na jengo lenye paa, la sivyo kiwanja kinarudi. Alitaka kufungua hoteli ya nyama na supu, akae mlangoni, madereva wamwite bosi. Hadi siku ile ya koti, alichokuwa amejenga kilikuwa vigingi vinne na kamba. Simenti, kwa bahati mbaya, haikuwahi kushawishika kwa maneno.

Lakini wenye simenti wanashawishika. Aliinuka, akaenda dukani kwa Urbanus.

Urbanus alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kilosa, na alisifika kwa kupima misumari pamoja na karatasi yake. Alikuwa tajiri wa aina ile inayolala njaa ili isipunguze unga. Oswald alimwamkia, akaitikiwa marahaba bila kutazamwa, akaagiza msumari mmoja. Alipokuwa anatafuta hela mfukoni, sarafu yenye tembo wa manyoya ikamdondoka mezani. Akaidaka haraka, akaangalia mlangoni.

"Nini hiyo?" akauliza Urbanus.

"Si kitu, mzee. Usiitaje kwa mtu."

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya Urbanus mwenyewe kujidanganya, na aliifanya kwa bidii. Alifunga mlango wa duka, akaleta kiti. Ikabidi Oswald, kwa kusitasita kwingi, amweleze: kwamba Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa kule Lindi enzi zao, jambo ambalo kila aliyesoma analijua, kwamba walipiga sarafu kumi na mbili za kumbukumbu, jambo ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa Oswald, kwamba vita viliwakimbiza, sarafu zikatawanyika, na kwamba sasa daktari mmoja wa Kijerumani anakuja kupitia Mikumi kuzinunua, lakini hanunui moja moja. Anataka zote kumi na mbili.

"Sasa moja ina faida gani?" Urbanus akauliza, kwa kuwa hakuwa mjinga kila mahali.

"Fikiri, mzee. Wenye kumi na moja wakikutana, bila hii watafanya nini? Watakuja kukupigia magoti."

Urbanus aliwaona wakipiga magoti. Aliwaona waziwazi, akiwemo shemeji yake. Hakuuliza Oswald aliipata wapi, wala kwa nini hakai nayo mwenyewe apigiwe magoti, maana maswali kama hayo huwajia watu wasio na tamaa, nao hawamiliki maduka. Mifuko arobaini ya simenti na nondo kadhaa zilipanda lori la Mikumi kesho yake, na tembo wa manyoya akafungiwa kwenye kasha la fedha.

Kuta zikasimama. Oswald alimwajiri fundi, naye akasimama pembeni na koti lake kwenye joto la Mei, akitoa maelekezo yasiyohitajika. Zikabaki bati na mbao za paa, na wiki tatu. Urbanus alipoombwa bati alijibu kwamba yeye ameshawekeza. Ndipo Oswald akaanza kuwatazama ng'ombe waliokuwa wanavuka barabara.

Ng'ombe wengi kati ya hao walikuwa wa Mzee Parsimei, mfugaji wa Kimaasai aliyeishi na wake zake na wanawe mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka barabarani. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mvi. Mjini walisema Wamaasai ni washamba, hawajui thamani ya hela. Na Oswald, mtu aliyejivunia kutoamini chochote anachoambiwa, aliamini hilo bila kulichunguza. Hili ndilo linaloniudhi kwa wajanja wa mjini. Wanajua uongo wote isipokuwa ule wanaojiambia wenyewe.

Alifika bomani saa saba mchana, koti limeloa jasho. Akatoa shikamoo, akapewa maziwa, akaanza kusema kwa sauti ya juu na polepole sana, kama anayeongea na kiziwi. "Mzee. Hii. Sarafu. Hela ya Mjerumani. Nyingi sana."

"Nakusikia vizuri, kijana," akasema Parsimei kwa Kiswahili safi kuliko cha redioni. "Keti kivulini, utaanguka."

Parsimei alizichukua zile sarafu kumi na moja, akazitazama moja baada ya nyingine, upande wa mnyama tu. Mfalme hakumshughulisha. Alikaa muda mrefu na yule mwenye pembe tatu.

"Huyu anatoa maziwa?"

Oswald akasema huyo ni mnyama wa kale, na wote walikufa.

"Wote? Hata ndama mmoja hakubaki?"

"Hata mmoja, mzee."

"Na mchungaji wao alikuwa wapi?"

Katika uongo wote ambao Oswald aliuandaa njiani hapakuwa na mchungaji. Parsimei alitikisa kichwa kwa masikitiko, akampa mkewe Nalepo zile sarafu azione. Nalepo alikwaruza moja kwa kucha, akasema neno kwa Kimaasai, wanawake wakacheka. Oswald naye akacheka, ili aonekane mwenzao.

Kisha Parsimei akasema kwamba yeye hauzi ng'ombe kwa kitu asichokijua, na wala hanunui. Lakini kuna njia nyingine. Kwao watu wawili wanaweza kupeana, bila kuuziana, wakawa marafiki wa kudumu. Aliyepeana ng'ombe na mwenzake humwita pakiteng, naye huitwa hivyohivyo, hadi jina lake mwenyewe husahaulika. Oswald atoe sarafu, yeye atatoa maksai. Akamwonyesha: maksai mwekundu, mnene, mgongo umenyooka.

Oswald karibu alie kwa furaha. Maksai wa zawadi! Hakuna mnada, hakuna ushuru, hakuna stakabadhi. Kilichokuwa kinamsumbua ni kizuizi cha barabarani, kwa sababu mtu mwenye koti anayeswaga ng'ombe wa Kimaasai bila karatasi huitwa mwizi hata kabla hajasalimia. Kwa hiyo ni yeye aliyedai karatasi. Ni yeye aliyetoa kalamu na karatasi ya kaboni, na ni mwandiko wake uliojaza ukurasa, kwa sababu karani hakuwahi kumtoka mwilini:

"Mimi Oswald Makarius, mwekezaji, na Mzee Parsimei, mfugaji, tumepeana leo kwa hiari na upendo, pasipo kuuziana, mimi sarafu kumi na moja za thamani kubwa, naye maksai mmoja mwekundu. Kuanzia leo sisi ni pakiteng, na cha mmoja wetu, mwenzake akikihitaji, hatanyimwa, kwa mujibu wa mila, hadi kufa."

Hayo ya kutonyimana aliyauliza kwa mzee, akaambiwa ndiyo mila. Hayo ya "hadi kufa" aliyaongeza mwenyewe, kwa sababu aliona bila hayo sentensi inamalizikia vibaya. Alimwonyesha Parsimei mahali pa kuweka dole gumba. Parsimei akaomba kalamu, akasaini. Walikwenda pamoja kwa mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Filipo, akagonga muhuri, na kila mmoja akaondoka na nakala yake.

Maksai hakumaliza siku mbili. Mchinjaji mmoja wa barabarani alimnunua, akaliwa kwa supu na madereva. Tarehe ishirini na nane Juni fundi akapigilia bati la mwisho, na Oswald akasimama chini ya paa lake akisikiliza bati likitanuka kwa jua. Nisimnyime haki yake: alikuwa na furaha ya kweli siku ile. Aligusa ukuta kwa kiganja. Kwa muda mfupi hata alifikiria kuishi kwa kufanya kazi.

Kesho yake asubuhi alifika Parsimei. Alikuwa na wazee watatu wenye fimbo, na Nalepo, na masufuria manne, na magodoro.

"Pakiteng," akasema, "habari za nyumbani?"

Oswald aliamkia, akawakaribisha chai, akidhani ni wageni. Parsimei alitembea ndani, akatazama paa, akatazama jiko, akatoka. Kisha akaeleza kwa upole kwamba ana shida. Kwa miaka mitano amekuwa akiomba kiwanja barabarani ili mkewe auze maziwa na nyama, na kila mara anaambiwa mfugaji hakai mahali pamoja. Anahitaji nyumba yenye paa. Pakiteng wake anayo.

Oswald alicheka peke yake kwa muda, akaacha.

Walikwenda kwa Bwana Filipo. Hapo barazani, kwenye benchi, alikuwa amekaa mtu ambaye Oswald hakutaka kumwona: Urbanus, aliyekuwa akija kila wiki kutoka Kilosa kuuliza kama daktari wa Kijerumani ameshapita. Wakaingia wote, maana ofisi ilikuwa chumba kimoja na mlango haukufungika.

Filipo alivaa miwani, akaisoma karatasi kwa sauti. Mwandiko ulikuwa mzuri hata yeye akausifu. Alipofika "hatanyimwa" alisimama, akamtazama Oswald juu ya miwani, akaendelea hadi "hadi kufa".

Oswald akasema kwamba hiyo mila ni ya ng'ombe kwa ng'ombe. Filipo akasema hapa hakuona ng'ombe, ameona "cha mmoja wetu". Oswald akasema, basi na yeye anamwomba mwenzake, anaihitaji nyumba ileile, asinyimwe. Wazee watatu wakanong'onezana, na mmoja akauliza maksai yuko wapi, wakamwone. Oswald akaanza kupekua mifuko ya koti. Mzee akafafanua kwamba mtu anayemuuza ng'ombe wa pakiteng wake pasipo hata kumwambia hukaa muda mrefu kabla ya kupata tena mdomo wa kuomba. Kuombwa, ndiyo, bado anaombwa.

Hilo Oswald hakulijua. Aliishi miaka thelathini na tisa kati ya watu hawa, akawauzia kila kitu, hakuwahi kuwauliza chochote.

"Mimi sitaki ugomvi," akasema Parsimei. "Kama kijana hakunipa kitu cha kweli, basi hatukupeana, na karatasi hii ni bure. Aseme hapa tu kwamba sarafu ni za mchezo. Nitamrudishia, atanirudishia maksai wangu, naye abaki na nyumba yake."

Oswald alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani ukweli ulikuwa na faida, na ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kisha akamwona Urbanus, ameinuka nusu kitini, mkono juu ya mfuko wa shati alimobeba tembo wake wa manyoya. Mifuko arobaini ya simenti. Polisi wa Kilosa. Na maksai wa kurudisha hayupo, ameshapita matumboni mwa madereva hadi Zambia. Akiusema ukweli atapoteza nyumba na kwenda jela. Akisema uongo atapoteza nyumba tu.

"Ni za kweli," akasema Oswald.

"Sema kwa sauti, pakiteng. Wazee hawasikii vizuri."

"Ni za kweli. Za Mjerumani."

Filipo akagonga muhuri mwingine, nyumba ikawa ya Parsimei. Lakini Urbanus hakuuona, kwa kuwa alikuwa ameshavuka chumba na kumshika Parsimei mkono. Zote kumi na moja? Anazo zote mzee? Tajiri yule, aliyengoja miezi miwili apigiwe magoti, hakuwa na uvumilivu wa kungoja dakika moja zaidi. Alitaka kuzinunua palepale. Parsimei akajibu kwa unyonge kwamba yeye mfugaji hajui bei ya vitu vya Ulaya, ila pakiteng wake anajua, aulizwe.

Wakamgeukia Oswald wote wawili. Akitaja bei ndogo, Urbanus ataanza kujiuliza kwa nini yake moja iligharimu kuta nzima. Oswald akataja mitamba kumi na mmoja, mmoja kwa kila sarafu, akasikia sauti yake mwenyewe ikiwa tamu kama siku zote. Urbanus alilalamika hadi wakashuka kwa tisa. Mitamba ikanunuliwa mnadani, na Parsimei alisisitiza ushuru ulipwe na stakabadhi ziandikwe, kwa sababu hakupenda mambo ya kubahatisha.

Jioni ile Oswald alimkuta mzee amekaa mlangoni pa hoteli, pale pale alipokuwa amepanga kukaa yeye. Akamuuliza ni lini alijua.

"Siku ile ile," akasema Parsimei. "Mtu mwenye mali hatembei nayo saa mbili juani na koti zito, akampelekee mtu anayemwona mjinga. Nilijua unataka ng'ombe. Sikujua tu ungependa kuandika namna ile."

Oswald akasema hana pa kulala wala pa kula.

"Unahitaji kazi?"

"Nahitaji."

"Basi hunyimwi," akasema mzee, akamwita Nalepo alete aproni.

Hoteli ya Nalepo imeshika sana. Madereva wanasema supu yake haina mpinzani hadi Iringa, na meza ya karibu na dirisha huwa haikaliwi Jumamosi, ni ya Urbanus. Anakuja na kijitabu chake cha plastiki chenye sarafu zote kumi na mbili, anaagiza mbavu za mbuzi na soda mbili, analipa taslimu kwa Nalepo, anakaa hadi alasiri akitazama kila gari lenye Mzungu. Hajawahi kula vizuri namna hii maishani mwake, na anasema ni gharama za biashara. Siku akichoka kungoja, hoteli itapoteza mteja mkubwa, na siku hiyohiyo Oswald atapoteza usalama wake. Hilo wote hotelini wanalijua, isipokuwa Urbanus.

Kwa hiyo kila Jumamosi ni lazima Oswald atunge. Mara daktari amechelewa meli, mara ameugua, mara ameandika barua kutoka Morogoro. Ni uongo mzuri, huenda mzuri kuliko wote aliowahi kuutunga, na faida yake yote inaingia kwenye kopo la Nalepo. Mtu ambaye hakuwahi kudanganya bure hata siku moja sasa anadanganya kwa sahani ya ugali.

"Leo atakuja?" Urbanus akauliza Jumamosi iliyopita, akipangusa tembo wake kwa ncha ya shati.

Parsimei aliinua macho pale mlangoni, akamtazama pakiteng wake.

"Yuko njiani, mzee," akasema Oswald. "Nikuongezee supu?"